Kutoka hatua saba hadi nne: uzoefu wangu na vipodozi vya Korea kwenye ngozi nyeusi

Nilifika Seoul mwishoni mwa Agosti kuanza shahada ya uzamili, nikiwa na chunusi mashavuni na madoa meusi ambayo chunusi huyaacha zikishakauka. Chunusi yenyewe inakaa wiki, doa lake linakaa miezi. Mwenye ngozi nyeusi ananielewa. Karibu na chuo kulikuwa na Olive Young, yale maduka ya vipodozi ambayo Korea yapo karibu kila mtaa, ambapo karibu kila bidhaa ina chupa ya kujaribia. Mwezi wa kwanza nilitoka humo na vitu saba.

Nilikuwa nimesoma habari za "hatua kumi" za kutunza uso kila siku, nikaamini kila Mkorea anafanya hivyo. Nikavianza vyote saba usiku mmoja: mafuta ya kusafishia uso, sabuni, tona ya asidi, esensi na seramu mbili, yote majimaji ya kupaka baada ya kunawa, na krimu. Siku ya nne uso ulikuwa unawaka nikiunawa kwa maji matupu. Ilipofika wiki, paji la uso lilijaa vipele vidogo vidogo ambavyo sijawahi kuwa navyo maishani. Kwa kuwa vyote nilivianza pamoja, sikuweza kujua mkosaji ni kipi. Mwenzangu wa bweni, Mkorea, alikuja kunitazama uso akanionyesha vyake: vitu vitatu tu kwenye kikapu kidogo.

Nikaacha vyote kwa wiki mbili, maji na Vaseline basi. Kisha nikavirudisha kimoja kimoja, kwanza chini ya sikio kwenye taya kwa siku tatu, halafu usoni, wiki mbili kila kimoja kabla ya kuongeza kingine. Ilinichukua mpaka Desemba. Aliyekuwa ananiunguza ni ile tona ya asidi. Chapa yake siitaji, kwa sababu nawajua watu wawili inaowafaa vizuri kabisa.

Kilichobaki ni hiki.

Usiku naanza na Banila Co Clean It Zero. Ni mafuta yaliyoganda kama samli kwenye kopo. Unachota kidogo, unapaka uso ukiwa mkavu, yanayeyuka vidoleni, kisha ukitia maji yanageuka meupe kama tui na kuondoka na kila kitu ulichopaka mchana. Baada ya hapo sabuni ya COSRX ya Low pH Good Morning. Zamani nilikuwa nanawa kwa sabuni ya kipande, na uso ukikakamaa nilidhani ndiyo usafi. Kumbe sabuni ya kipande kwa kawaida ina pH, yaani kipimo cha uasidi ambacho namba ikipanda uasidi unapungua, ya 9 au 10, na ngozi yenyewe iko kama 5. Ule mkakamao ni ngozi inalalamika. Hatua hizi mbili nazihesabu kama moja, na asubuhi nanawa kwa maji tu.

Ya pili ni esensi ya COSRX Advanced Snail 96, yaani asilimia 96 ni ute wa konokono uliochujwa. Najua wengi jina tu linawashinda. Ukiiminya kiganjani na kuinua kidole inavutika uzi mrefu, mlenda mtupu. Haina harufu. Naipaka uso ukiwa bado na unyevunyevu, nasubiri dakika moja, ule unato unaisha. Majira ya baridi ya Seoul ndiyo yaliyonifanya niiheshimu: nje digrii kumi chini ya sifuri, ndani sakafu inapashwa moto kwa chini, wenyewe wanaita ondol, na hewa inakauka mpaka midomo inapasuka usingizini. Juu yake nilikuwa napaka krimu nzito. Bila hiyo esensi chini, krimu ilikaa juu juu tu na mashavu yakaendelea kubanduka.

Ya tatu, usiku, ni seramu ya Beauty of Joseon yenye propolisi, ile gundi ya nyuki, na niasinamaidi, na hapa nina la kusema kidogo. Nilipokuja Dar likizo ya Julai, mama alinishika kidevu akanigeuza uso kwenye mwanga wa dirisha. "Mwanangu, niambie ukweli. Huko umeanza mkorogo?" Hofu yake naijua inakotoka. Mama mdogo alipaka mkorogo miaka mingi, leo hawezi kusimama jikoni bila mashavu kumuuma.

Nikamkalisha nikamweleza. Kwenye vipodozi vya Korea utakuta neno mibaek, ambalo hutafsiriwa kuwa "kufanya weupe", na tafsiri hiyo inawatisha watu, na inawavutia wengine kwa sababu isiyo sahihi. Kipodozi kikitaka kuandikwa neno hilo lazima kifuate masharti ya wizara yao ya usalama wa chakula na dawa, na mojawapo ya viambato vinavyokubaliwa ni niasinamaidi ya asilimia 2 hadi 5. Hiyo ni aina ya vitamini B3. Inapunguza melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, inayopelekwa kwenye seli za juu za ngozi, basi. Haichubui. Haidrokwinoni, ambayo ni roho ya mkorogo mwingi, hairuhusiwi kwenye vipodozi vyao. Nikamwomba mama alinganishe uso na shingo yangu. Rangi ni ileile. Kilichopungua ni madoa.

Lakini nikiwa mkweli, seramu peke yake isingeweza. Kazi kubwa imefanywa na ya nne, krimu ya jua. Doa la chunusi ni melanini iliyozidi mahali palipojeruhiwa, na jua linaikoleza kila siku, hata ukiwa mweusi kama mimi. Miezi yote niliyopaka seramu usiku na kutoka mchana uso mtupu, nilikuwa nafua nguo na kuianika kwenye vumbi. Krimu za jua nilizotumia nyumbani zamani ziliniacha na rangi ya majivu, nikazichukia. Beauty of Joseon Relief Sun, ile ya mchele na probiotiki, inapakika kama losheni ya kawaida na baada ya dakika mbili naiona rangi yangu kwenye kioo. Imeandikwa SPF50+ na PA++++. SPF ni kinga ya miale inayounguza, PA ni ya ile inayotia weusi na kuzeesha ngozi, na alama nne za kujumlisha ndiyo daraja la juu. Napaka mistari miwili iliyojaa, urefu wa kidole cha shahada na cha kati, uso na shingo. Kwa kipimo hicho mrija wa ml 50 unaniishia kama wiki sita. Ukikukalia miezi minne, unapaka kidogo mno. Madoa yalianza kufifia mwezi wa tatu tangu nianze kuipaka kila siku, na mashavu yalitakata mwezi wa saba.

Foundation za kule sikuhangaika nazo. Dukani karibu zote zilikuwa namba 21 na 23, na zote mbili ni za watu weupe.

Sasa nimerudi Dar moja kwa moja, na krimu nzito nimempa mdogo wangu anayesoma Mbeya, kwenye baridi. Kwa joto letu esensi na krimu ya jua zinatosha mchana, na nikitoka kazini kwa miguu napaka tena.

Shida iliyobaki ni kupata bidhaa halisi. Esensi ya kwanza niliyonunua hapa kwa muuzaji wa mtandaoni ilikuwa nyepesi kama maji ya mchele, haikuvuta uzi hata kidogo, na ilinukia marashi. Niliitupa. Tangu hapo namwomba muuzaji picha ya tarehe kabla ya kulipa. Kwenye pakiti za Korea, tarehe ikifuatiwa na 까지, kkaji, ndiyo mwisho wa matumizi. Ikifuatiwa na 제조, jejo, ni siku ilipotengenezwa, kwa hiyo usiogope ukiona imepita. Muuzaji mmoja wa Kariakoo alinipigia picha chupa ileile niliyomuuliza, pande zote nne, na ndiye ninayenunua kwake mpaka leo.