TL-WR841N kama ruta ya pili: waifai imefika hadi chumba cha mama uani

Nina miezi minne sasa naitumia hii TP-Link TL-WR841N kama ruta ya pili hapa nyumbani Ipuli, Tabora, na naandika kwasababu wakati natafuta nilihangaika kweli kumpata mtu alieitumia hivi mwenyewe akanieleza ukweli, madukani kila mtu anakwambia "hii inavuta mpaka kwa jirani" basi.

Nyumba yetu ni ya zamani, tofali za kuchoma, kuta nene, madirisha yamejaa nondo. Uani kuna vyumba viwili na mama yangu anakaa huko, nyumba kubwa hataki, anasema anataka awe karibu na jiko lake na kuku wake. Kati ya sebule na mlango wake ni kama hatua thelathini hivi, afu hapo katikati kuna mwembe mkubwa na tenki la maji la lita 1000. Ruta kuu ni ile ya kuweka laini, ya 4G, na lazima ikae dirishani sebuleni maana ndo upande mnara uliko, ukiisogeza ndani kidogo tu mtandao wenyewe unashuka kwahiyo kuhamisha ruta haikua jibu.

Sasa mama kila jioni anaongea na wajukuu wake walioko Mwanza kwa video. Kule uani waifai ilikua inakamata kistari kimoja, picha inaganda, sauti inakuja vipandevipande, mwisho anachukua simu anatoka gizani anavuka ua mpaka barazani kwetu ndo aongee nao vizuri. Mtu mzima yule, magoti yanamuuma, na masika ua wote unateleza. Hilo liliniuma sana, yaani bando lipo la kutosha na tunalilipia kila mwezi ila yeye halimfikii.

Fundi mmoja akaja akapiga hesabu ya kupitisha waya chini kwa chini, achimbe, aweke bomba, gharama ikawa kubwa nikasema hapana. Kabla ya hapo kuna duka nilishauziwa kidude kile cha kuchomeka ukutani wanakiita busta, hakikufanya kitu, na kukirudisha wakakataa. Hii TL-WR841N nimeipata mtumba kwa elfu 35, ina antena mbili, adapta yake, tundu nne za waya nyuma na moja ya rangi tofauti ya kupokelea intaneti.

Yangu ni toleo la zamani lenye menyu ya kijani na kitu kilichonifanya niichukue ni WDS, ndo inayoifanya iongee na ruta nyingine hewani bila waya. Matoleo ya karibuni yana modi imeandikwa Range Extender, unachagua jina la waifai yako, unaweka paswedi, imeisha. Kwa toleo la zamani inabidi uingie mwenyewe kwenye setingi na hapa ndo watu wengi wanakata tamaa wanasema ruta mbovu, kumbe ni mambo matatu tu.

La kwanza namba ya ruta, yaani anwani yake ya IP kwenye mtandao wa nyumbani. Ruta yangu kuu ni 192.168.0.1 na hii nayo ilikuja na hiyohiyo, mi sikujua, nikaziunganisha zikagombana, nyumba nzima ikakosa intaneti jioni nzima. Unachotakiwa ni kuchomeka laptopu kwa waya kwenye tundu moja kati ya zile nne, unaandika namba yake kwenye browza ifungue menyu, unaingia upande wa LAN (mtandao wa ndani) unaipa hii ya pili 192.168.0.2, unasevu inajizima na kuwaka, unaingia tena kwa hiyo namba mpya. La pili, DHCP ya hii ya pili ZIMA. Hiyo ndo inayogawa namba kwa simu na kompyuta, na mgawaji anatakiwa awe mmoja tu ambae ni ruta kuu, ukiacha wagawe wawili kuna simu zitachukua namba kwa huyu wa pili ambae hana njia ya kutokea nje, utaona imeandika imeunganishwa lakini hakuna intaneti na utazunguka usijue tatizo liko wapi.

La tatu chaneli, yaani njia ya hewani ambayo waifai inapitia, na hili ndo lilinitesa kuliko yote. Zote mbili lazima ziwe chaneli moja. Ruta kuu ilikua kwenye kuchagua yenyewe, nikaunganisha vizuri, mama akaongea na wajukuu wiki nzima kwa raha, siku umeme umekatika ukarudi basi uani kimya. Nikafikiri imekufa. Kumbe ile kuu ilivyowaka ikachagua chaneli nyingine na hii huku imebaki inaisubiri kwenye ile ya zamani. Nikaingia kwenye ruta kuu nikaifunga kwenye chaneli 6, hii nayo 6, tangu hapo umeme ukatike urudi zinatafutana zenyewe dakika mbili haziishi. Chagua kati ya 1, 6 na 11 maana hizo haziingiliani, angalia majirani wengi wako kwenye ipi uikwepe.

Ukishaweka tiki kwenye WDS unabonyeza ile ya kutafuta, inaleta orodha ya waifai zote za mtaani, unachagua ya kwako, unaweka paswedi yake na aina ileile ya ulinzi, WPA2. Kwenye ukurasa wa mwanzo wa hali ya ruta ukiona WDS imeandika Run ujue zimeshikana, ikiwa bado inatafuta tu basi paswedi au chaneli umekosea. Na lile tundu la rangi tofauti usichomeke kitu, halina kazi kwenye mpango huu.

Kuhusu spidi niwe mkweli. Hii ina redio moja tu, ya 2.4GHz, kwahiyo hiyohiyo moja inasikiliza ruta kuu na hiyohiyo inaongea na simu, haiwezi kufanya vyote kwa mpigo, ndomana spidi inashuka kama nusu. Mi nikipima sebuleni napata Mbps 18, kwa mama napata 7 au 8. Kwa video koli inatosha na inabaki, mdogo wangu anapakua na masomo yake hukohuko. Ila kama una watu watano wanaangalia muvi kwa pamoja kila mmoja na yake, tafuta ruta zenye redio mbili au lipia tu huo waya, hakuna ujanja mwingine.

Mahali pa kuiweka ndo kila kitu jamani. Mwanzo niliiweka chumbani kwa mama kabisa, ikawa inapokea kistari kimoja na inasambaza kistari kimoja hichohicho, hakuna faida. Nikaihamishia stoo ya jikoni, dirisha linalotazama uani, juu ya kabati, upande ambao tenki halikai katikati maana maji yanakula sana mawimbi. Hapo inaipata ruta kuu vizuri na inamwona mama vizuri. Zunguka na simu kwanza uangalie wapi bado kuna vistari viwili vitatu, hapo ndo pake.

Jina la waifai nililiacha moja kwa zote mbili ila simu ya mama ilikua inang'ang'ania ile ya mbali hata akiwa kitandani, nikaiita hii UANI, simu yake nikaiunganisha na UANI peke yake, ikaisha.

Kitu cha mwisho, adapta yake ni ya 9V na ruta nyingi za laini ni 12V, vichwa vinafanana kabisa, zetu nimezifunga utepe mwekundu na mweupe ili tusizichanganye. Nimeongeza na betri ndogo ya ruta yenye matundu ya 9V na 12V ila iko sebuleni kwa ile kuu, ya stoo bado sijainunulia, umeme ukikatika usiku mama ananipigia kwa sauti ya kawaida, "mwanangu, UANI imezima", naenda naye mpaka barazani. Mwisho wa mwezi naichukua hiyo betri ya stoo.