Otomatiki au gia za mkono kwa mizunguko ya Arusha: uzoefu wangu

Kwa miaka kadhaa nilitumia Suzuki Escudo ya gia tano za mkono, injini ya CC 1,600, kisha nikahamia Toyota IST ya CC 1,500 yenye gia nne za otomatiki. Zote mbili nimezitumia katika mzunguko ule ule: asubuhi kushuka kutoka Ilboru hadi Mianzini, kukatiza mjini, kupita kipilefti cha Impala na kuingia Njiro, kisha jioni kurudi njia hiyo hiyo nikipanda. Wanaoniuliza ushauri huanza na suala la mafuta, ilhali kwa mkazi wa Arusha mafuta ni hoja ya mwisho kabisa. Cha kujiuliza kwanza ni wapi unapanda, wapi unashuka, na foleni inakukuta ukiwa sehemu gani ya mlima.

Nianze na jioni, maana hapo ndipo otomatiki iliponishinda hoja. Dereva wa gia za mkono akiwa kwenye foleni ya kupanda ana kazi tatu za kufanya kwa miguu miwili: kuzuia gari lisirudi nyuma, kuitafuta ile sehemu ambapo klachi inaanza kushika, na kutia mafuta ya kutosha injini isizime. Aliyefundishwa vizuri hutumia hendibreki kila anaposimama, lakini tuseme ukweli, foleni inaposogea hatua mbili na kusimama tena, wengi wetu huishia kulishikilia gari kwa klachi nusu. Mbele kifodi, daladala ndogo, kimesimama kushusha abiria bila ishara yoyote, bodaboda mbili zimejipenyeza katikati, na aliye nyuma yako amekukaribia kana kwamba anataka kuingia kwenye buti. Sahani ya klachi husagika katika mazingira hayo. Ukishaanza kusikia harufu ya kuungua ndani ya gari, fahamu kwamba bili inaandaliwa: sahani, presha na beringi yake hubadilishwa kwa pamoja, na kwa gari la magurudumu manne yanayovuta, kushusha giaboksi si kazi ya kumwachia kila fundi.

Kwenye IST mguu wa kushoto hauna kazi. Nguvu ya injini hufika kwenye giaboksi kupitia oili badala ya sahani zinazosuguana, kwa hiyo ukiachia breki gari hujisogeza lenyewe taratibu, na katika mwinuko wa wastani halikimbilii kurudi nyuma. Mke wangu, aliyekuwa akiikwepa Escudo kwa sababu ya kile kipande cha kupanda Ilboru, sasa huondoka na gari asubuhi bila hata kuniaga vizuri. Kwa foleni peke yake, sitarudi kwenye klachi.

Mambo hubadilika barabara inapofunguka. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake kwa sababu ya wepesi wa hewa. Gari lililokuwa jepesi Dar es Salaam huku hulalamika. Otomatiki ya gia nne, ikiwa imebeba watu wanne na kupanda mlima mrefu, huingia gia ya tatu, huzidiwa, hurudi ya pili kwa kelele, kisha hujaribu tena ya tatu. Katika Escudo niliamua mwenyewe kubaki gia ya pili hadi juu. Katika IST nami huamua, kwa kuzima kitufe cha OD (kinachoruhusu gia ya nne) kilicho ubavuni mwa gia au kuivuta hadi kwenye 2, jambo ambalo madereva wengi hawalifanyi kabisa. Wakishaweka D, ile ya kwenda mbele, hawaigusi tena hadi wanapoegesha.

Mazoea hayo huwa ya hatari katika kushuka. Ukweni kwangu ni Marangu, na kila Desemba, kama familia nyingi zenye asili ya Uchagani, tunapanda kutoka Himo hadi Marangu Mtoni na zaidi. Tunaporudi buti limejaa mikungu ya ndizi, magunia ya viazi na kila kitu ambacho mama mkwe ameona mjini hakipatikani. Katika mteremko ule, kwa gari la gia za mkono, unaingiza ya pili au ya tatu na injini inalishika gari. Breki unagusa tu kwenye kona. Gari la otomatiki lililoachwa kwenye D linapanda gia kadiri mwendo unavyoongezeka, injini hailishiki ipasavyo, na dereva anabaki kukanyaga breki mfululizo hadi zichemke na pedali ianze kulegea. Kabla ya kuanza kushuka mimi huweka 2, na kwenye kipande kikali zaidi huweka L, gia ya chini kabisa, nikiwa bado nakwenda taratibu. Madereva wa utalii wanaoteremka kreta ya Ngorongoro kwa njia ya Seneto na Land Cruiser za gia za mkono hufanya hivyo kila siku bila kufikiri. Otomatiki inamtaka dereva akumbuke.

Hapa niseme neno kwa wanaoteremka wakiwa wameweka frii, yaani bila gia yoyote, ili kuokoa mafuta. Kwenye injini zenye sindano za mafuta zinazoongozwa na kompyuta, gari linaposhuka likiwa kwenye gia bila kukanyagwa mafuta, kompyuta hukata mafuta kabisa; ukiweka frii, injini inalazimika kuyatumia ili isizime. Kwa hiyo huokoi chochote, na umejinyima breki ya injini.

Kuhusu tope la masika, Escudo ilikuwa bora mno, lakini sifa hiyo ilitokana na magurudumu yote manne kuvuta pamoja na gia ya nguvu, si klachi. Wapo wanaochanganya mambo hayo mawili na kununua gari dogo la gia za mkono wakidhani litapanda utelezi.

Matunzo ndiyo yanayonifanya nimshauri mtu kwa tahadhari. Giaboksi la mkono huvumilia. La otomatiki linataka oili yake maalumu. Toyota nyingi za otomatiki za zamani hutumia T-IV, za baadaye WS, na zile za CVT, ambazo hazina gia za kawaida bali mkanda wa chuma kwenye puli mbili, zina oili yake ya peke yake. Fundi mmoja alinifungulia kopo akiniambia, "Kaka, oili ni oili, zote nyekundu." Nilifunga boneti nikaondoka. Giaboksi la otomatiki likiharibika, mafundi wanaothubutu kulifungua ni wachache, na mara nyingi utaambiwa utafute la mtumba.

Betri ikifa, Escudo niliisukumiza kwenye mteremko wa Ilboru ikawaka. IST inahitaji waya za kuchomekea. Ikikwama njiani, gari la otomatiki linalovutwa na magurudumu ya mbele halikokotwi yakiwa chini, yanyanyuliwe. Mafuta? Kwa foleni za mjini, Escudo ilikuwa nzito kiasi kwamba kulinganisha hakuna maana.

Shemeji yangu wa Kibosho, anayebeba maziwa alfajiri kwa njia ya vumbi, nilimwambia achukue pikapu ya gia za mkono. Kwa anayeishi Sakina, Njiro au Moshi mjini na kwenda kazini tu, achukue otomatiki, ila kabla ya kulipa ajaribu gari likiwa limeshapata moto: asimame kwenye mwinuko, avute R (ya kurudi nyuma) kisha D huku akikanyaga breki. Likichelewa kushika au likigonga kwa kishindo, amrudishie muuzaji funguo.