Morfini ya maji ya Kampala: dawa safi, maelekezo ndiyo hulegalega

Viungo vya dawa hii kali ya kutuliza maumivu ni vichache: unga wa morfini, maji yaliyosafishwa, kihifadhi na rangi. Hospice Africa Uganda, shirika la kuhudumia wagonjwa wa magonjwa mazito lililoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, ndilo lililoizoesha nchi dawa hii, na mgonjwa huipata bure. Kwa saratani iliyosambaa, hasa mgonjwa asiyeweza tena kumeza vidonge, hatujaona inayoishinda kwa urahisi wa kutumia.

Rangi si pambo. Ya kijani ina miligramu 5 katika mililita 5. Nyekundu ina miligramu 50 katika mililita hizohizo. Cheti kikiandikwa "mililita 5" tu, mgonjwa anaweza kumeza mara kumi ya kipimo chake. Daktari aandike miligramu na mililita, na familia ipewe bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya nyumbani havilingani.

Mtu mzima asiyewahi kuitumia huanza na miligramu 2.5 hadi 5 kila saa nne: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku dozi maradufu ili alale hadi alfajiri. Maumivu yakichomoza katikati, huongezwa dozi moja kama ile ya kawaida, na dozi iliyopangwa hairukwi. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi na kutenganishiwa saa zaidi, maana mabaki ya dawa hurundikana mwilini.

Wodi nyingi hukosea pale zinapoandika "apewe akiumwa". Maumivu yakishapanda, kuyashusha huhitaji dawa nyingi zaidi. Kosa la pili ni kusahau dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili, tangu siku ya kwanza. Kichefuchefu na usingizi hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakuzoeleki, na wapo wanaoacha morfini kwa sababu hiyo tu, wakarudi kulia usiku.

Tangu 2004 sheria ya Uganda inawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani kutuliza maumivu na mateso ya wenye magonjwa mazito, kuwaandikia wagonjwa morfini. Hilo tunalipatia alama zote: daktari huwa mbali, maumivu hayasubiri. Lakini ruhusa haina maana kama ufunguo wa kabati la morfini umeondoka na mfamasia Ijumaa jioni.

Jambo moja halisemwi vya kutosha wakati wa kukabidhi chupa: mgonjwa akifariki, iliyobaki irudishwe famasi, isiachwe dirishani penye watoto.