Santuri za zamani zilizochapwa upya: zipi zinastahili safari ya kuja Kigoma

Nianze na jibu, maana wengi mnatafuta hilo tu. Ukiwa na pesa ya santuri moja, nunua Revolver ya The Beatles, toleo la 2022. Ukiwa na pesa ya mbili, ongeza Africa ya Amanaz, bendi ya Zambia. Ya tatu iwe Ave Africa ya Sunburst, bendi ya Dar es Salaam. Na kama wewe ni Mtanzania mpenda gitaa na huna hiyo, sijui unangoja nini. Thriller ya Michael Jackson usinunue mpya. Sababu zinafuata.

Nakaa Mwanga, hapa Kigoma mjini. Huku utapata vitenge vya Kongo, mawese, dagaa na spea za bodaboda, lakini santuri mpya hakuna duka linaloweka. Oda yangu inatoka nje, inatua kwa ndugu yangu Dar es Salaam, naye anangoja mtu anayepanda treni au basi kuja huku. Mpaka niishike mkononi, nauli na ushuru vimeikaribia bei ya santuri yenyewe, na mara nyingine vimeipita. Mtu wa London anaweza kuingia dukani Jumamosi, akanunua tano, akagundua mbili ni mbovu na maisha yakaendelea. Mimi siwezi. Ndiyo maana kabla sijalipa nauliza jambo moja: toleo hili limekatwa, yaani mifereji yake imechongwa, kutoka kwenye nini?

Neno "toleo jipya" kwenye jalada halijibu swali hilo. Kuna matoleo yaliyokatwa moja kwa moja kutoka kanda mama, ile iliyotoka studio. Kuna yaliyokatwa kutoka faili la kompyuta, na hapo inategemea faili gani: lililoandaliwa kwa uangalifu kwa ajili ya santuri, au lile lile la CD ya miaka ya tisini na elfu mbili mwanzoni, enzi za kupandisha sauti mpaka ngoma na kuimba vinalingana kwa kelele. Hilo la mwisho ni kutupa pesa, kwa sababu muziki ule ule unao tayari kwenye simu. Halafu kuna ambazo kanda yake haipo tena, zikanakiliwa kutoka santuri kuukuu. Hizo siyo lazima ziwe mbaya, nitaeleza mbele. Wauzaji makini huandika kila kitu: nani alikata, wapi, kutoka kanda ipi. Anayeandika "gramu 180" peke yake ananiambia uzito wa plastiki tu. Uzito hauongezi muziki.

Revolver ni mfano mzuri wa toleo jipya lenye sababu ya kuwepo. Albamu ilitoka Agosti 1966, na studio za Abbey Road zilikuwa zikirekodi kwa mashine ya njia nne, yaani kanda yenye nafasi nne tu za kuweka sauti. Ala kadhaa zilibanwa kwenye njia moja, na kilichobanwa hakikuweza kutenganishwa tena. Ndiyo maana katika stereo ya zamani wimbo wa kwanza, Taxman, umerundika ngoma, besi na gitaa upande wa kushoto. Chumba changu ni kidogo na kiti changu kiko karibu na spika ya kulia, kwa hiyo kwa miaka yote niliyosikiliza CD nilikuwa napata nusu ya bendi. Kwa toleo la 2022, Giles Martin, mtoto wa prodyuza wao George Martin, alitumia programu iliyotengenezwa na timu ya mwongozaji filamu Peter Jackson, inayoweza kuzitoa sauti zilizogandana kwenye njia moja na kuziweka mbalimbali. Ngoma zikasogea katikati, besi ya Paul McCartney ikapata mwili, na bendi ikawa chumbani.

Wapo wanaoshikilia kwamba Revolver ya kweli ni ya mono (sauti yote moja, bila kugawanywa kushoto na kulia), jinsi wenyewe walivyoisimamia mwaka 1966, na hawajakosea. Toleo la mono la 2014 lilikatwa kutoka kanda bila kupita kwenye kompyuta hata kidogo. Ukiliona kwa bei ya kibinadamu, chukua. Mimi sijawahi kuliona kwa bei hiyo.

Kuna kitu ambacho hakuna fundi atakayekirudisha, nacho ni kanda iliyochakaa. Rumours ya Fleetwood Mac, ya 1977, ilipigwa na kurudishwa nyuma studio mara nyingi mno wakati wa kuongeza sauti, mpaka ngoma zikaanza kufifia, na ikabidi warudi kwenye kanda ya akiba ili kuokoa kazi. A Night at the Opera ya Queen, 1975, ina kisa cha namna hiyo: mpiga gitaa wao Brian May amesimulia kwamba kwa kurundika sauti za Bohemian Rhapsody kanda ilisuguliwa mpaka ikawa inapitisha mwanga. Kwa hiyo ukinunua toleo la 2015 la Queen, lililokatwa Abbey Road kwa mwendo wa nusu (muziki na mashine ya kukatia vyote vinaendeshwa polepole ili mchongo utoke kwa utulivu), usitarajie kwaya ile iwe maji ya chemchemi. Ukungu kidogo uliopo ni wa kuzaliwa nao. Mimi ninayo na ninaipenda, na sitajifanya kwamba mwimbaji wao Freddie Mercury kuzaliwa Unguja mwaka 1946 hakuna mchango wowote katika mapenzi hayo.

Rumours niliyonayo ni ile ya 2011 ya santuri mbili za mwendo wa mizunguko 45 kwa dakika badala ya 33. Mwendo mkubwa unaipa sindano nafasi zaidi, na mlio wake ni wa kifahari: matoazi hayachubui sikio, gitaa la Lindsey Buckingham unahesabu kucha. Ila kila baada ya nyimbo mbili tatu unainuka kugeuza. Mke wangu aliuliza kama hii ni albamu au mazoezi ya viungo.

Brothers in Arms ya Dire Straits ndiyo ninayoisema bila ubishi kwamba toleo jipya linaishinda santuri ya kwanza. Mwaka 1985 CD ilikuwa ndiyo inaingia, na nyimbo zikaachwa ndefu kwenye CD lakini zikafupishwa ili zienee kwenye santuri moja. Aliyenunua santuri alipunjwa dakika kadhaa. Toleo la santuri mbili limezirudisha zote. Na kwa kuwa ilirekodiwa kidijitali tangu mwanzo, ule mjadala wa "je, imepita kwenye kompyuta?" hapa hauna kazi.

Sasa ng'ambo ya ziwa. Watu wengi wakisikia roki wanafikiria Uingereza na Marekani, ilhali kwa sisi wa Kigoma roki ilikuwa inakaa upande wa kusini wa maji haya haya. MV Liemba ilikuwa ikitoka bandari yetu kushuka mpaka Mpulungu, Zambia, na Zambia ya miaka ya sabini ilikuwa na bendi za vijana wanaopiga magitaa yenye kukwaruza, wakiimba Kiingereza, Kibemba na Kinyanja. Muziki huo siku hizi unaitwa Zamrock. Shaba ilikuwa na bei, vijana walikuwa na ala, na redio ilitakiwa kupiga muziki wa nyumbani. Kisha bei ya shaba ikaanguka, maonyesho yakakauka, na baadaye UKIMWI ukaondoka na wanamuziki wengi wa kizazi kile. Santuri zilizokuwa zimechapwa kwa idadi ndogo zikapotea, na zilizobaki leo zinauzwa kwa wakusanyaji wa Ulaya kwa bei ya kiwanja.

Kampuni ya Now-Again ya Marekani ndiyo iliyozirudisha nyingi. Africa ya Amanaz, ya 1975, wameitoa na michanganyiko miwili ya nyimbo zile zile: mmoja mkavu, mwingine umejaa mwangwi. Nilidhani ni ujanja wa kuuza santuri mbili badala ya moja. Siyo. Ni albamu mbili zenye tabia tofauti. Mjomba wangu wa Ujiji, aliyefanya kazi bandarini na kurudi Mpulungu na santuri za Zambia enzi hizo, alikuja kusikiliza. Nikampigia wa mwangwi kwanza, akanyamaza. Nikampigia mkavu.

"Mjomba, hawa ndio wale," akasema. "Wale wa kwanza wamepigia pangoni."

Mimi nauchagua wa pangoni, hasa usiku. Tumeshindwa kuelewana na hatujaribu tena. Ukishaipata hiyo, tafuta Lazy Bones!! ya WITCH, bendi nyingine ya Zambia, nayo ya 1975, yenye gitaa kali zaidi na nyimbo fupi. Mwimbaji wao, Emmanuel Jagari Chanda, alirudi jukwaani uzeeni na amezunguka Ulaya na Marekani na vijana wapya.

Hapa ndipo nirudi kwa zile zilizonakiliwa kutoka santuri kuukuu. Kwa muziki wa Afrika wa miaka ile, mara nyingi kanda haipo: iliungua, ilioza, au ilirekodiwa juu yake kitu kingine. Fundi anaanza na santuri iliyobaki, anaisafisha, anapunguza mikwaruzo. Utasikia vumbi kidogo chini ya muziki. Kwa The Beatles ningelalamika. Kwa bendi ya Lusaka ambayo vinginevyo nisingeisikia kabisa, nalipa nashukuru.

Sunburst walikuwa wa Dar es Salaam, wenye wanamuziki kutoka nchi mbalimbali, wakichanganya roki, fanki na Kiswahili. Albamu yao ilitoka Zambia mwaka 1976, na ikakaa gizani mpaka kampuni ya Strut ya London ilipoitoa 2016 pamoja na rekodi zao nyingine za kuanzia 1973. Kijitabu chake kina picha na historia ambayo sijaiona popote kwa Kiswahili, na hilo linaniudhi kidogo: ya kwetu nimeyasoma kwa Kiingereza kwenye karatasi iliyosafiri kutoka Uingereza.

Na kama kuna mtu mwenye mamlaka anasoma hapa: Tabora Jazz. Mtindo wao wa segere matata, Dada Asha ya Shem Karenga, nyimbo zilizotoka kwenye santuri ndogo zilizochapwa Nairobi, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule, gitaa likikatwa katikati ya utamu ili ugeuze. Nyingine ziko kwenye kanda za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambazo sasa ziko mikononi mwa TBC. Toleo la heshima la bendi hiyo, lenye kijitabu cha Kiswahili, ningelilipia kabla ya Pink Floyd yoyote.

Kuhusu Thriller maelezo ni mafupi. Hiyo ndiyo albamu iliyouzwa kuliko zote duniani, kwa hiyo nakala za 1982 na 1983 zimejaa kila mahali, zilikatwa vizuri, na kwa wauzaji wa mitumba ya muziki ni nafuu kuliko toleo jipya la kumbukumbu. Nunua kuukuu isiyo na mikwaruzo.

Kuhusu kutunza huku kwetu: adui ni wawili, joto la safarini na vumbi jekundu la kiangazi. Moja yangu ilikaa kwenye buti la basi ikafika imejikunja kama chapati. Niliilaza katikati ya vioo viwili na vitabu juu yake. Sasa inapigika, ingawa sindano bado inapanda na kushuka. Tangu hapo namwomba anayekuja ashike mzigo mkononi, usimame wima, usilale. Masika majalada huota ukungu ukiyabana ukutani, yape nafasi ya hewa. Stabilaiza ni lazima, maana umeme ukicheza, mashine za bei rahisi huyumba mwendo na waimbaji wanalewa ghafla.

Santuri za rangi sizinunui tena. Si kwamba rangi yenyewe inaharibu sauti, ila kiwanda kikishajua unanunua pambo, uangalifu unapungua. Ninayo moja ya rangi ya chungwa, albamu siitaji, inayokwaruza upande mzima wa pili tangu siku ilipofunguliwa. Naiuza. Aliye Kasulu au Kibondo anayetaka pambo la ukutani tutaelewana bei, na nitampigia upande huo wa pili ausikie kabla hajatoa pesa.