Calais au Normandy?

Mwaka 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, Washirika (Uingereza, Marekani na wenzao) walitaka kuvuka bahari kutoka Uingereza na kuikomboa Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Watue pwani ipi? Ukitazama ramani tu, Calais inashinda bila jasho. Kutoka Dover, Uingereza, ni kilomita 33 hivi, ndege za kivita zingekaa angani muda mrefu, na njia ya kwenda Ujerumani ni fupi. Ila Wajerumani nao walikuwa na ramani hiyohiyo! Jeshi lao la 15 lilikuwa linasubiri huko, na mizinga mizito ndani ya zege.

Normandy ni mbali. Kutoka Portsmouth ni zaidi ya kilomita 150 za bahari korofi, na fukwe zenyewe hazina bandari ya maana. Kuvamia bandari moja kwa moja kuliwatokea puani Washirika kule Dieppe, Ufaransa, mwaka 1942, basi safari hii wakaja na bandari zao za kuunda wenyewe. Makasha ya zege, mengine marefu kama jengo la ghorofa tano, yalikokotwa na tagi (meli ndogo za kuvuta) kuvuka mlango wa bahari. Dhoruba iliyoanza 19 Juni 1944 ikaibomoa ile ya Wamarekani pale Omaha. Ya Waingereza pale Arromanches ikaendelea kupakua mizigo.

Mimi ningechagua Normandy, kwa sharti kwamba Calais iendelee kutishiwa. Vifaru bandia vya mpira na jeshi la uongo la Patton, jenerali wa Marekani, viliwafunga Wajerumani huko wiki kadhaa baada ya 6 Juni, siku Washirika walipotua Normandy.