Mafunzo ya bure ya DaVinci Resolve, nimeyapitia
Jamani mnaoedit video, kabla hujatoa hela ya kozi pitia kwanza tovuti ya Blackmagic Design, kampuni inayotengeneza DaVinci Resolve, programu ya kuedit video. Vitabu vya mafunzo yake vipo pale bure kabisa pamoja na mafaili ya mazoezi, na programu yenyewe ina toleo la bure. Mi nilishalipia kozi fulani, mwalimu anaongea tu hakupi hata klipu moja ya kujaribia, iliniuma sana. Hapa unakata video zilezile za kitabuni, unabonyeza B unapata wembe wa kukatia klipu, A unarudi kwenye mshale wa kuchagulia, mpaka vidole vinazoea vyenyewe. Sehemu ya kurekebisha rangi za video ndo tamu zaidi aisee. Mafaili mazito lakini, bando linaisha haraka, pakua kwenye waifai. Ukimaliza kuna mtihani mtandaoni, ukifaulu unapata cheti.