Faili la Outlook la GB 43 lilipogoma kufunguka, na scanpst ilivyonitoa

Mimi nashughulikia makaratasi kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Kampala, upande wa Nakawa. Kontena zikishuka Mombasa zinakuja kwa Malaba, na kila kontena moja ina imeli zake kama thelathini hivi, BL (hati ya meli ya kutolea mzigo), invoisi, orodha ya mizigo, risiti za ushuru, halafu mwenye mali kila asubuhi anauliza imefika wapi. Zote zinaingia kwenye kompyuta yangu moja, kwenye programu ya imeli ya Outlook 2016, tangu mwaka 2017, na sijawahi kufuta kitu kwa sababu kazi hii karatasi ya miaka mitatu nyuma inaweza kuitishwa kesho.

Sasa Alhamisi moja stima ikakatika saa nane mchana, Outlook iko wazi inapokea imeli, UPS yangu, ile ya kushikilia umeme ukikatika, betri ilishakufa kitambo, kompyuta ikazimika hapohapo. Stima iliporudi nafungua Outlook inaniambia faili la outlook.pst, lile linalotunza imeli zote, lina makosa na halifunguki. Nikajaribu tena, vilevile. Nikawasha kompyuta upya, vilevile. Jamani jasho lilinitoka, maana nilikuwa na kontena ya Hajji mmoja mfanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa maduka hapa Kampala, iko bandarini, siku zake za bure zinaisha Jumatatu, baada ya hapo ni gharama kila siku inayolala, na BL yake ilikuwa humo ndani.

Nikashika simu nikaingia kwenye imeli ya ofisi kwa brauza nikidhani nitazikuta zote huko. Nikakuta za wiki mbili tu. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho naomba na wewe ukiangalie leo kabla hujamaliza kusoma: kama akaunti yako ni ya POP, Outlook inavuta imeli kuja kwenye kompyuta na kwenye seva inaacha nakala kwa siku 14 tu kama hujabadilisha chochote, baada ya hapo nakala ya pekee duniani ni hilo faili la pst. Wenye IMAP au Exchange, ambao imeli zao zinabaki kwenye seva, wana nafuu kubwa, faili lao ni ost, likiharibika unalitoa pembeni Outlook inajenga lingine kutoka kwenye seva. Sisi wa POP hatuna pa kukimbilia. BL ya Hajji ilikuja wiki tatu nyuma.

Jioni nikaita fundi mmoja ana duka katikati ya mji, simtaji. Akaja na programu ya kulipia kwenye flashi yake, akaanza kuielekeza moja kwa moja kwenye faili langu lenyewe, bila nakala! Nikamwambia kaka ngoja kwanza, ukiharibu hapa tunatolea wapi? Akasema dada usijali. Nilijali sana. Ile programu ikatafuta kama saa moja ikanionyesha majina ya imeli zangu vizuri kabisa, moyo ukatulia, kumbe ni majaribio, ukitaka kuzitoa inabidi ununue, na yeye anataka laki mbili na nusu juu ya hapo. Sisemi za kulipia zote ni mbaya, kuna wakati faili limeumia kiasi kwamba ndizo zinazobaki, lakini hakuna mtu aliyeniambia kwamba ndani ya kompyuta yangu tayari kuna ya bure.

Hiyo ya bure ndiyo scanpst. Inakuja na Outlook ile ya kwenye Office, ila imefichwa, kwangu niliikuta C, Program Files, Microsoft Office, root, Office16 (kama Office yako ni ya biti 32 angalia Program Files ile yenye x86). Faili lenyewe la pst liko Documents, ndani ya Outlook Files.

Nakala kwanza. Ijumaa asubuhi nikachomeka flashi ya GB 64, ina nafasi tele, ikakataa, inasema faili ni kubwa mno. Nikahangaika pale nusu saa nzima. Tatizo siyo nafasi, flashi nyingi zinakuja na mfumo wa FAT32 na huo haupokei faili moja linalozidi GB 4, hata flashi ikiwa tupu. Nikaifomati kwa exFAT, faili la GB 43 likaanza kupanda.

Halafu nikafikiria ile stima. Nikianza kurekebisha kwenye hii kompyuta ya mezani na ikakatika tena katikati je? Nikamwomba bosi wetu Hajati laptopu yake, ina Office, ina betri, ina diski ya SSD. Ikabidi kwanza nihamishe video za harusi ya binti yake kwenye diski ya nje, kwa sababu scanpst kabla ya kurekebisha inatengeneza bekapu yake yenyewe yenye mwisho wa bak, ukubwa uleule, kwa hiyo faili la GB 43 linataka karibu GB 90 za nafasi. Kile kiboksi cha bekapu usikitoe tiki, hata kama una nakala mahali pengine.

Nikafunga Outlook kabisa, nikaanza saa kumi na mbili jioni. Dirisha lenyewe ni dogo, halina urembo, linahesabu awamu 8. Za mwanzo zinapita haraka, kisha inafika mahali inakaa, na inakaa kweli, Windows inaandika juu pale kwamba programu haijibu, nikaweka kidole kwenye kitufe cha kufunga, kidogo nibonyeze. Usibonyeze. Nilifungua Task Manager nikaona diski bado inafanya kazi, nikaiacha nikaenda kulala. Asubuhi nikakuta imeandika makosa yamepatikana, nikabonyeza Repair, ikaendelea mpaka saa sita.

Mara ya kwanza haitoshi, na hapa watu wengi wanakata tamaa bure. Nilifungua Outlook nikaona folda nyingine tupu, nikafunga, nikairudia scanpst, ikakuta makosa mengine, machache zaidi, ikarekebisha. Mara ya tatu ikasema hakuna kosa. Jumapili mchana nafungua, folda zangu zote ziko pale, na pembeni kuna folda mpya inaitwa Lost and Found yenye imeli ambazo haikujua ni za wapi, nyingine hazina kichwa, nyingine hazina tarehe. BL ya Hajji niliikuta humo, PDF inafunguka kurasa zote, nikaichapa hapohapo nakala mbili kabla sijafanya kitu kingine chochote. Jumatatu asubuhi saa mbili ilikuwa kwa wakala wetu wa Mombasa.

Naipa nyota 4 kwa 5. Nyota moja nimeitoa kwa sababu haikwambii imebaki muda gani, na mtu wa kawaida asingejua hata kama ipo.

Kuhusu ukubwa sasa. Outlook ya 2010 kuja juu kikomo chake cha kawaida ni GB 50, ya 2003 na 2007 ilikuwa 20, na zile za zamani kabla ya hapo GB 2 tu. Yule fundi alisema twende kwenye rejistri, yaani mipangilio ya ndani ya Windows, tupandishe kikomo. Inawezekana, ila nilikataa, faili likizidi kukua na kurekebisha kunazidi kuchukua siku. Nikatengeneza faili za pst za kila mwaka, 2017 peke yake, 2018 peke yake hivyohivyo, nikahamishia humo imeli zake. Nikaangalia faili kubwa, bado GB 43! Kuhamisha au kufuta hakupunguzi hapohapo, nafasi inabaki wazi ndani ya faili. Unaenda Account Settings, Data Files, Settings, halafu Compact Now, unaiacha usiku kucha na huigusi. Yangu ilishuka ikafika GB 9.

Na hizo mwaka mwaka usiziweke kwenye diski ya mtandao ya ofisi au folda ya OneDrive ukazifungulia huko, Microsoft wenyewe wanasema pst haikutengenezwa kutumika kupitia mtandao, na huko ndiko inakoharibika kirahisi. Nakala sawa, lakini Outlook ikiwa imefungwa. Mimi nafanya kila Ijumaa jioni.

Kilichokuwa kinajaza faili hasa ni skana yetu, ilikuwa inaskani kila hati kwa rangi, dpi 600, ukurasa mmoja wa invoisi unakuja na MB 8. Nimeishusha 200 nyeusi na nyeupe, mihuri bado inasomeka vizuri. UPS mpya nimenunua siku ileile ya Jumatatu, Hajati alilipa bila kuuliza.

Viambatisho vinne havikurudi, vinafunguka vyeupe. Viwili wakala wa Mombasa amenitumia upya, viwili ni vya 2018, bado anavitafuta kwake.